Kebo Mpya ya Nyumba 903

Picha ilikuwepo. Wachezaji wa besiboli walikimbia, mashabiki walifungua midomo na kupunga vitambaa, na sebule ikabaki kimya.

"Ongeza," alisema Inspekta Pyo Deok-man.

Gu Eun-chae wa kitengo cha kompyuta alibonyeza rimoti mpaka mstari wa sauti ukajaa kwenye kioo. Hakikusikika kitu.

"Mpaka mwisho, afande. Kungekuwa na sauti hapa, mtaa wote wa Bupyeong ungekuwa umetoka madirishani." Akaiweka rimoti mezani. "Televisheni ni nzima. Nimeichomeka kwenye kompyuta yangu mwenyewe, ikaimba vizuri. Sauti inapotelea kwenye kile kidude."

Kidude kilikuwa nyuma ya televisheni, kompyuta ndogo nyeusi yenye ukubwa wa kibebeo cha chakula. Ilitumia mfumo wa Linux ambao mwenye nyumba alijipangia mwenyewe, na kebo moja ya HDMI ilibeba picha na sauti kwenda kwenye televisheni. Nyumba haikuwa na king'amuzi wala antena. Kompyuta ikinyamaza, televisheni nayo inanyamaza.

Pyo alitazama mlango wa chumba cha nyuma. Kutoka kwenye kochi palikuwa na hatua sita. Alikuwa ameshazihesabu mara mbili.

Alhamisi usiku, katika chumba kile, Mzee Tak Bong-su, aliyepooza upande wa kulia, aliteleza kutoka kitandani akabanwa kati ya kitanda na ukuta. Daktari alisema alichukua karibu saa nzima kufa. Mwanawe wa pekee, Jae-mun, mwandishi wa programu za kompyuta anayefanyia kazi nyumbani, alikuwa kwenye kochi hili. Maelezo yake yalijaza nusu ukurasa: alikuwa anatazama mpira wa besiboli, sauti ilikuwa kubwa, hakusikia lolote. Saa mbili na dakika hamsini na mbili mlinzi wa jengo alipiga simu ya ukutani kusema nyumba ya chini inalalamikia kelele. Jae-mun alidhani ni televisheni. Akaomba radhi, akapunguza sauti, akaendelea kutazama. Saa nne akaenda kumgeuza baba yake ubavu, akamkuta ameshakufa.

Mlinzi alikumbuka hata maneno ya radhi. Samahani sana, halitajirudia.

Kesho saa kumi na mbili alfajiri jeneza lingetoka msibani kwenda kuchomwa. Bosi wa Pyo alikuwa amemwambia asubuhi hiyo ya Jumamosi, huku anachovya andazi kwenye kahawa: leta sababu kabla ya jioni, au andika ajali ufunge faili.

"Tatizo umeliona?" Pyo aliuliza.

"Kwa dakika kumi. Njoo." Eun-chae alifungua dirisha jeusi lenye nguzo za kijani, kila nguzo ikiwa ni njia moja ya sauti. Chini ya njia ya kebo palikuwa na herufi mbili, M na M. "Imefungwa. Sauti inatoka kwenye programu, inafika hapa, inakuta mlango umefungwa. Kuufungua ni kubonyeza herufi moja kwenye kibodi."

"Mtu wa kompyuta anaweza kukosa kuliona hilo?"

"Wao ndio hulikosa, afande. Wanatafuta ugonjwa mkubwa."

"Lilianza lini?"

"Hapo ndipo shida. Jumatatu jioni aliweka sasisho la mfumo. Sasisho linaweza kufunga njia hiyo. Lakini wakili wake atasema ni sisi tulioiharibu jana tulipochomoa nyaya, na nitabishana naye mpaka nistaafu. Kuna orodha ya amri ambayo kompyuta huiweka, kila unachoandika. Amri za wiki hii zote amezifuta. Za mwaka jana zipo."

"Kwa hiyo ana kitu cha kuficha."

"Au ana tovuti za aibu. Wanaume hufuta kwa sababu hiyo zaidi."

Pyo alienda kwenye kibaraza. Taka za kurejelezwa zilikuwa zimepangwa vizuri kwenye mifuko, plastiki huku, karatasi huku. Juu kabisa ya karatasi palikuwa na katoni dogo la kahawia lililokunjwa bapa. Karatasi ya anwani ilikuwa imebanduliwa, kama kila mtu anavyofanya kabla ya kutupa. Alirudi akainama nyuma ya televisheni. Kichwa cha kebo bado kilikuwa na utando mwembamba wa plastiki ambao mtu hakuumaliza kuutoa.

Alipiga simu kwa kampuni ya vifurushi, akataja namba ya kesi, akataka kumbukumbu zote za nyumba 903 za wiki hiyo. Waliahidi kumtumia ndani ya saa moja.

"Anakuja saa nane," alimwambia Eun-chae. "Usilirekebishe. Akifika, jaribu kulitengeneza mbele yake, na ukosee."

"Nikosee kiasi gani?"

"Kama vile ungekuwa mimi."

"Basi hatutaondoka leo," alisema Eun-chae.

Tak Jae-mun alifika saa nane na dakika tano. Alivaa suti nyeusi, na mkononi alikuwa na utepe wa katani wa mfiwa mkuu. Alinuka ubani na mchuzi mwekundu wa nyama wa msibani. Alivua viatu, akavisogeza kwa kidole cha mguu mpaka vikakaa sambamba. Kando ya viatu palikuwa na kopo la miavuli. Ndani yake mlikuwa na miavuli mitatu na fimbo ya kutembelea.

"Inspekta, nina wageni wa msibani wa kuwainamia. Wajomba zangu wametoka Gangneung. Mnataka nini kingine?"

"Tunataka kusikia televisheni, Bwana Tak. Tuijaribu kwa sauti ile ya Alhamisi, halafu tumalize."

"Basi iwasheni."

"Haitoi sauti."

Jae-mun alitazama kioo muda mfupi tu. "Mlichomoa nyaya jana. Mimi nimeondoka hapa Alhamisi usiku, mlango mkaufunga nyie wenyewe kwa utepe. Mkiharibu vitu vya watu, msiniulize mimi."

"Ndiyo maana huyu dada anatengeneza. Kaa."

Alikaa kwenye kochi, mahali ambapo kitambaa kilikuwa kimebonyea. Eun-chae alipiga magoti mbele ya kibodi kama mtu aliyeletwa kufagia.

"Nitaanza na kuizima na kuiwasha," alisema.

Kompyuta ilizimika, ikawaka. Kimya.

"Labda imechagua spika nyingine." Alifungua mipangilio, akabofya huku na huku taratibu. Akachagua kifaa kisichokuwepo. Akarudi. Akachagua kilekile tena.

Goti la Jae-mun lilianza kutikisika.

"Hapo inaonyesha kebo imetambuliwa," alisema hatimaye. "Unaona jina la televisheni? Imeitambua. Tatizo haliko hapo."

"Ah, asante, kaka. Mimi nimezoea Windows." Eun-chae aliandika amri, akakosea herufi, akafuta, akakosea tena palepale. "Nianzishe upya huduma ya sauti."

"Haisaidii."

"Mara nyingi husaidia."

"Nakwambia haisaidii."

Aliianzisha upya hata hivyo. Kimya. Akaianzisha mara ya pili. Jae-mun aliangalia dari. Eun-chae alisimama, akaenda nyuma ya televisheni, akatoa kebo nyingine mfukoni mwake.

"Basi ni kebo. Hizi za bei rahisi hufa upande mmoja, picha inapita sauti haipiti."

"Wewe, dada, umesomea wapi? Kebo haina kosa. Nimeshaibadilisha, hakuna kilichobadilika. Acha kuchomoa vitu ovyo."

Pyo aliyekuwa amesimama dirishani hakugeuka. "Uliibadilisha lini?"

Goti liliacha kutikisika.

"Zamani. Mwezi uliopita. Palikuwa na tatizo dogo, likaisha lenyewe. Sauti ikarudi."

"Mwezi uliopita."

"Ndiyo. Mwanzoni mwa mwezi."

Pyo aliandika maneno hayo, akayasoma kwa sauti, akamsogezea daftari. Jae-mun alisoma mara mbili na kutia sahihi.

"Endelea, Eun-chae," alisema Pyo. "Mimi nashuka chini kidogo."

Bi Yeom wa nyumba ya chini, 803, alifungua kabla kengele haijamaliza kulia. Alikuwa na miaka sitini na kitu, na miguuni alivaa ndara nene za sufi zisizotoa mlio wowote. Alimkaribisha mezani, akamwekea chai ya shayiri na daftari lenye jalada la kijani.

"Arobaini na moja," alisema. "Tangu Januari nimempigia mlinzi mara arobaini na moja kuhusu wale wa juu. Na sijapanda kugonga mlango wao hata siku moja. Utaratibu unakataza kwenda mlangoni kwa mtu, unapitia kwa mlinzi. Mimi nafuata utaratibu, Inspekta. Watu wa jengo hili ni washenzi, lakini mimi nafuata."

Kila ukurasa ulikuwa na safu: tarehe, saa, aina ya kelele, kiwango cha sauti alichokipima kwa simu. Pyo alifungua wiki ile. Jumatatu, televisheni, mpaka saa kumi na mbili jioni. Kisha chini yake, siku tatu, neno moja moja: televisheni, hakuna. Televisheni, hakuna. Televisheni, hakuna.

"Jumanne hadi Alhamisi ilikuwa kimya?"

"Kama kaburini. Nikasema hatimaye kijana amenunua visikilizio. Nilifurahi nusura nimpelekee machungwa."

"Na Alhamisi usiku?"

Aliligeuza daftari, akasoma kwa sauti kama mtu anayetoa ushahidi aliousubiri kwa muda mrefu. "Saa mbili na dakika thelathini na nane. Kugonga sakafu, chumba cha nyuma. Mara tatu, anapumzika, mara tatu. Saa mbili na arobaini na tano, bado. Saa mbili na hamsini, nikapiga simu. Saa mbili na hamsini na tano, kimya. Nikalala vizuri."

"Ulimwambia mlinzi kwamba ni kugonga?"

"Nilimwambia kelele. Siku zote nasema kelele. Mlinzi hataki maelezo. Akipeleka maneno mengi, watu hugombana, halafu anafukuzwa kazi yeye."

"Mara tatu, anapumzika, mara tatu. Hukuwaza kwamba mtu anaita?"

"Niliwaza kwamba saa tatu inafika na bado hawana adabu."

Pyo alipiga picha ukurasa ule. Bi Yeom alisogeza kikombe cha chai ili kisitie kivuli.

"Mama, aliyekuwa anagonga ni yule mzee. Alikuwa ameanguka."

Bi Yeom alitazama dari, pale hasa palipokuwa na chumba cha nyuma, kisha akatazama daftari lake. Kidole chake kilisimama kwenye mstari wa Alhamisi.

"Jumatatu nina kikao na kamati ya usuluhishi wa kelele," alisema. "Basi hii nisiihesabu?"

"Unavyoona mwenyewe."

"Zitakuwa arobaini," alisema Bi Yeom, akachukua kalamu.

"Usifute," alisema Pyo. "Hiyo ni yangu sasa." Alilifunga daftari, akalitia kwenye mfuko wa ushahidi.

Kwenye lifti alilipima akilini. Wakili angemmaliza yule mama kwa dakika mbili: jirani mwenye malalamiko arobaini na moja, anayewachukia wa juu, anaandika anachotaka. Lifti ilipofika ghorofa ya tisa simu yake ilitetemeka. Ilikuwa picha moja kutoka kampuni ya vifurushi. Pyo aliitazama kwenye korido mpaka taa ikazimika yenyewe, kisha akaingia.

Eun-chae alikuwa ameketi chini, mikono magotini. Jae-mun alikuwa ameshika kibodi.

"Ameninyang'anya," alisema Eun-chae. "Amesema namtia kichefuchefu."

"Rudisha kibodi, Bwana Tak."

"Mmeiharibu kabisa. Angalieni, hata jaribio la spika—"

"Rudisha."

Jae-mun aliirudisha. Pyo alivuta kigoda, akakaa karibu sana, magoti yao nusura yagusane, akamwonyesha simu. Katoni dogo la kahawia lilikuwa sakafuni mbele ya mlango wenye namba 903. Mpelekaji alilipiga picha kama wanavyopiga kila kifurushi wanachokiacha. Tarehe na saa vilikuwa pembeni kwa rangi nyeupe.

"Soma."

Jae-mun hakusoma.

"Alhamisi," alisema Pyo. "Saa moja na dakika hamsini usiku. Kebo ya HDMI, mita mbili. Ndiyo kebo pekee uliyoagiza mwaka huu. Katoni lake liko kibarazani, na plastiki yake bado iko kwenye kichwa kile pale. Umetia sahihi kwamba uliibadilisha na hakuna kilichobadilika. Hukuibadilisha mwezi uliopita. Mwezi uliopita ilikuwa bado dukani."

"Ilirudi baadaye. Sauti ilirudi."

"Eun-chae?"

"Njia imefungwa ndani ya mfumo, afande. Kebo hata iwe ya dhahabu, sauti hairudi mpaka ufungue njia. Na ungeifungua, ungejua tatizo ni nini. Nimekaa naye nusu saa. Hajui."

Jae-mun alimgeukia.

"Kwa hiyo Alhamisi saa mbili na nusu hukuwa unatazama mpira," alisema Pyo. "Ulikuwa unafanya nini?"

Alijibu akiitazama meza. "Kuna jaribio. Kompyuta inatoa mvumo, kwanza spika ya kushoto, halafu ya kulia. Unaweka sikio kwenye televisheni, usikie kama kuna chochote. Hata kidogo."

"Ulikuwa unasikiliza."

"Ndiyo."

"Kwa makini."

"Siku nne sikuwa nimelala vizuri kwa ajili ya kitu hiki."

"Akagonga."

"Anagonga kila siku. Miaka minne. Maji. Mto. Dirisha. Funga, fungua. Nikiinuka katikati ya kazi napoteza nilipofikia, naanza upya. Nilikuwa nimeshakaribia."

"Simu ya mlinzi ikalia."

"Ndiyo."

"Ukasema halitajirudia. Ukaenda chumbani."

Jae-mun aligusa utepe wa katani, akaunyoosha.

"Alikuwa wapi?"

"Chini. Kati ya kitanda na ukuta."

"Alisema nini?"

"Tangu kiharusi hasemi vizuri. Alininyooshea fimbo, nimvute."

Pyo aligeuza kichwa kuelekea mlangoni, kwenye kopo la miavuli. Jae-mun naye akatazama huko.

"Ukaichukua," alisema Pyo.

"Nilitaka dakika kumi tu. Nilisema namaliza hiki halafu namwinua. Hakuwa ametokwa na damu, alikuwa ananitazama tu. Halafu nikajaribu mambo mengine mawili, na muda ukaenda."

Pyo alisimama, akapiga simu msibani na kwa mwendesha mashtaka. Alisema kwa kifupi. Jeneza lisitoke kesho. Ndiyo, mfiwa mkuu yupo hapa, hatarudi. Wajomba waambiwe wale chakula, wasisubiri.

Jae-mun alisikiliza yote bila kusogea. Pyo alipokata simu, aliuliza swali lake la kwanza tangu aingie.

"Tatizo lilikuwa nini?"

Eun-chae alimtazama Pyo. Pyo alitikisa kichwa kukubali. Eun-chae alifungua dirisha lile jeusi, akasogea mpaka mwisho kulia, mahali ambapo nguzo hazionekani mpaka uzitafute, akamwonyesha herufi mbili. Kisha akabonyeza M.

Uwanja wa besiboli uliingia sebuleni wote kwa pamoja. Ngoma, filimbi, maelfu ya watu. Hakuna aliyekuwa ameigusa rimoti tangu asubuhi, na mstari wa sauti ulikuwa mpaka mwisho. Vikombe vilitetemeka kabatini.

"Kitufe kimoja," alisema Jae-mun. Sauti yake haikusikika, midomo tu ndiyo iliyoonekana. Machozi yalianza kumtoka, na alikuwa akizitazama zile herufi.

Eun-chae alinyoosha mkono kuchukua rimoti. Pyo alimzuia. Alienda mlangoni, akaitoa fimbo kati ya miavuli, akarudi mpaka kwenye kochi, akatembea hatua sita, akaingia chumba cha nyuma na kufunga mlango nyuma yake.

Mara tatu. Akapumzika. Mara tatu.

Aliporudi, uwanja bado ulikuwa unanguruma. Eun-chae alikuwa ameinama, macho kwenye zulia. Jae-mun alikuwa amegeuza shingo yote kuelekea chumba cha nyuma.

Simu ya ukutani ikalia. Ililia kwa mlio wake mwembamba, nao ukasikika vizuri.

"Pokea," alisema Pyo.

Jae-mun alinyanyuka, akafuta uso kwa mkono wenye utepe, akainua simu. Upande wa pili mlinzi alisema maneno machache kuhusu kelele. Jae-mun aliinama kidogo mbele ya ukuta, kama alivyozoea.

"Samahani sana," alisema. "Halitajirudia."